Maji yameshuka, usingizi haujarudi: maswali kuhusu mshtuko baada ya mafuriko ya Sabaki

Maswali haya hujirudia kila Mto Sabaki, hapa pwani ya Kenya, unapovunja kingo zake na watu wa Magarini na pembezoni mwa Malindi wanapohamia shuleni, kwenye miinuko au kwa jamaa mjini. Yanamhusu aliyepitia maji mwenyewe, na pia aliyempokea nyumbani kwake. Kama kuna mtu wako anayetaka kujidhuru, usisome kwa mpangilio. Nenda moja kwa moja kwenye maswali mawili ya mwisho.

Maji yalishuka wiki iliyopita. Mbona mwili wangu bado unatetemeka?

Kwa sababu mwili haujaamini. Usiku ule maji yalipoingia, mwili ulimwaga adrenalini: moyo ukaenda mbio ili damu ifike miguuni, masikio yakawa makali, njaa ikakatika, usingizi ukaruka. Ndiyo nguvu iliyokuwezesha kubeba mtoto mgongoni na bibi mkononi ukavuka mahali ambapo mchana wa kawaida usingethubutu. Lakini nguvu hiyo haizimiki siku maji yanaposhuka. Hubaki imewaka kwa siku au majuma, ikingoja tena.

Ndiyo maana unashtuka ndoo ikianguka. Kichwa kinawanga, tumbo linaharibika, unasahau ulichotaka kusema katikati ya sentensi, unamfokea mtoto kisha unajuta. Wengine hulia bila kujua wanalia nini. Wengine hawahisi chochote kabisa, na hao ndio wanaojiogopa zaidi: "Nyumba ilikwenda nikitazama na sikutoa hata chozi." Huko si kuwa na moyo wa jiwe. Ni mwili kufunga mlango kwa muda ili kazi ifanyike.

Kuna jambo moja ambalo watu wa hapa wanalijua na wageni hawalijui. Sabaki hufurika hata mbingu ya Malindi ikiwa nyeupe. Maji yake mengi yamenyesha mbali: Athi unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, unakutana na Tsavo na kuwa Galana, na ukifika kwetu unaitwa Sabaki. Kwa hivyo mtu wa kandokando ya mto hatulizwi na jua. Anasikiliza mto. Mfanyakazi wa msaada akimwambia "tulia mama, leo hakuna mvua", mama anamwona hajui kitu, na kwa kweli hajui.

Je, ninaingia wazimu?

La. Mtu aliyepoteza nyumba, mbuzi na shamba la mahindi kwa usiku mmoja na akalala fofofo kesho yake ndiye wa kushangaza.

Hali hii itadumu kwa muda gani?

Kwa watu wengi siku za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, kisha hali hupungua kidogo kidogo kwa majuma. Haipungui kwa mstari ulionyooka. Utalala vizuri siku tatu, ya nne usikie mlio wa trekta ukadhani ni maji, na ujione umerudi ulikoanza. Hujarudi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hushtuka kidogo zaidi au kidogo chini kutegemea siku yenyewe.

Wahudumu wa afya huangalia zaidi alama ya mwezi mmoja. Ikiwa mwezi umepita na jinamizi, hofu na kukwepa kila kinachokukumbusha maji havijapungua, au vinakuzuia kufanya kazi na kulea, hapo ndipo wanapoanza kuuliza kama hali imekuwa ugonjwa unaohitaji tiba. Na tiba ipo: mazungumzo ya kitaalamu ya majuma kadhaa, na dawa kwa baadhi ya watu.

Lakini nina neno hapa. Mwezi mmoja unahesabiwa tangu balaa lipite. Mtu aliye katika hema linalovuja, anayepanga foleni ya unga asubuhi na kulala na watu tisa usiku, balaa lake halijapita. Kenya ilipigwa na mafuriko ya vuli mwaka 2023, yaliyochochewa na El Niño na joto la Bahari ya Hindi, kisha masika ya 2024 yakaja kabla watu hawajasimama. Mkulima aliyepanda tena kati ya misimu hiyo miwili na kupoteza tena hahitaji kwanza kuambiwa ana ugonjwa wa akili. Anahitaji mbegu, mabati, na barua ya chifu ili apate kitambulisho kipya. Nimeona watu wengi zaidi wakipata usingizi siku walipopata mlango wa kufunga kuliko siku walipopata semina. Ushauri nasaha ni kitu kizuri. Usije tu ukawekwa mahali pa godoro.

Naamka usiku nimeloa jasho, moyo wanenda mbio. Nifanye nini saa hiyo hiyo?

Kaa kitako. Weka nyayo zote mbili chini, kwenye sakafu au mchanga, uzikandamize. Vuta pumzi kwa pua polepole mpaka tumbo lijae, kisha itoe kwa mdomo kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kama unayepoza uji. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakouambia moyo upunguze mbio. Rudia kwa dakika chache. Halafu jiambie kwa sauti uko wapi na ni usiku wa lini: "Niko kwa shangazi, Maweni, ni Jumanne, maji yako mbali." Taja unavyoviona na unavyovisikia: feni, jogoo wa jirani, adhana ikiwa alfajiri imekaribia. Inaonekana ni kazi ya kitoto. Akili iliyorudi mtoni huhitaji kamba ya kurudia chumbani, na kamba yenyewe ni vitu vilivyopo mbele ya macho.

Usingizi ukigoma kabisa usibaki umelala ukipigana nao. Inuka, keti nje kidogo na mtu aliye macho, kisha rudi. Mchana, punguza kahawa na chai nzito baada ya alasiri. Miraa na muguka huondoa usingizi hata kwa aliye mzima. Kwa aliyeshtuka huongeza mapigo ya moyo na wasiwasi, na mtu hudhani ni hofu kumbe nusu yake ni majani. Mnazi na pombe nyingine hukulaza haraka na kukuamsha saa tisa ukiwa na hali mbaya zaidi.

Tembe za usingizi zinazouzwa dukani bila karatasi ya daktari ziache. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri dawa za jamii ya diazepamu zisitolewe kutuliza mshtuko wala kuleta usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la namna hii. Zinazoeleka, na kuziacha ni vita vingine.

Jambo linalosaidia kijiji kizima ni zamu. Watu hawalali kwa sababu kila mmoja anausikiliza mto peke yake. Wawekwe vijana wawili wa kuangalia maji kwa zamu, wenye tochi na simu yenye chaji, na kila mtu ajue filimbi ikilia aelekee wapi. Wengine watalala kwa sababu wanajua kuna aliye macho.

Je, ni lazima nisimulie yaliyonipata ili nipone?

Si lazima. Zamani ilidhaniwa kwamba kila aliyepitia balaa akalishwe chini siku za mwanzo asimulie yote, mwanzo hadi mwisho, apate kuutua mzigo. Utafiti ukaonyesha kikao hicho kimoja cha kulazimishana hakizuii mshtuko wa kudumu, na WHO haikipendekezi. Kinachopendekezwa sasa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwongozo wake ulitolewa na WHO na wenzake mwaka 2011, na kiini chake ni kazi tatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Tazama nani yuko hatarini na nani ana mahitaji ya haraka. Sikiliza anayetaka kusema, bila kumchimba asiyetaka. Muunganishe na jamaa zake, chakula, dawa na habari za kweli. Hakuna sehemu inayohitaji digrii. Mwalimu, imamu, mhudumu wa afya ya jamii au muuza samaki anaweza kuifanya.

Unayemsikiliza usimwambie "shukuru, wengine wamekufa". Anajua. Usimwambie "najua unavyojisikia". Mwulize anahitaji nini leo, kisha nyamaza umsikie.

Na kama umechoka kuwasimulia wageni wenye daftari na kamera, una haki ya kukataa. Unga hautolewi kwa malipo ya hadithi. Mtoto wako asihojiwe bila wewe kukubali, na hata ukikubali, yeye akikataa yamekwisha.

Mwanangu ana miaka saba na ameanza kukojoa kitandani. Nimchape?

Usimchape, usimwaibishe mbele ya wenzake, wala usimvishe nguo iliyolowa wamwone. Hakojoi kwa uvivu. Mtoto aliyeshtuka hurudi nyuma: aliyeacha kunyonya kidole anakirudia, aliyelala peke yake anataka ubavuni mwako, aliyekuwa msemaji ananyamaza. Mwambie kwa upole kwamba hali hiyo huwapata watoto wengi baada ya jambo la kutisha na itaisha. Punguza vinywaji kabla ya kulala, mpeleke chooni usiku ukiwa naye (choo cha kambini gizani kinatisha hata watu wazima), na msifu siku aliyoamka mkavu. Mara nyingi huisha ndani ya majuma machache. Akilia anapokojoa, au akiwa na homa, mpeleke zahanati. Huenda ni maambukizi ya mkojo.

Watoto pia huyacheza waliyoyaona. Utawaona wakijenga nyumba ya mchanga, wanamwaga maji, nyumba inabebwa, wanapiga kelele, kisha wanaanza upya. Akina mama wengi hukatiza mchezo huo kwa kudhani ni mkosi. Uacheni. Ndivyo mtoto anavyofikiri. Ingilia tu ikiwa anaonekana kuzidi kuogopa, na hata hapo usiuvunje. Ongeza mashua, ongeza mtu wa kuokoa.

Wasiambiwe uongo. "Paka amekwenda Mombasa" itakurudia. Sema ukweli kwa maneno machache, na ukiulizwa mara kumi, jibu mara kumi. Wadogo mara nyingi hudhani wao ndio waliosababisha, kwa sababu siku hiyo walimkosea mama. Mwambie wazi: si wewe, ni mvua nyingi na mto.

Shule ifunguliwe mapema iwezekanavyo, hata chini ya mwembe. Tatizo ni kwamba shule zenyewe ndizo zinazogeuka kambi, na darasa likibaki bweni muda mrefu, mtoto anapoteza kengele, mwalimu na marafiki kwa pamoja, yaani vitu vyote vilivyokuwa vikimwambia leo ni siku ya kawaida.

Kijana wa miaka kumi na mitano hatakojoa kitandani. Atakaa na simu, atakuwa mkali, au atataka kwenda kwenye hatari. Mpe kazi inayoonekana: kuandika majina ya familia, kuchota maji ya wazee. Usimpe kazi ya kuwa baba.

Mume wangu haongei. Anakaa tu, kisha anafoka.

Wanaume wengi wa huku wamelelewa waamini kwamba kazi yao ni kuizuia nyumba isianguke. Nyumba imeanguka, na sasa anasimama foleni ya maharagwe mbele ya watoto wake. Aibu hiyo hutoka ikiwa ni hasira au kimya. Kumwambia "ongea" hakusaidii sana. Wanaume husema wakiwa na kitu mkononi, kwa hivyo mwache aende na wenzake wakakate boriti, wakaparue mashua, wakasafishe kisima. Maneno yatatoka pembeni. Ndugu au rafiki wa barazani anaweza kumfikia pale mke hafiki.

Kufoka ni jambo moja, kupiga ni jingine. Mshtuko si ruhusa. Akikupiga au ukimwogopa, nambari 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo.

Baba yetu mzee anaongea peke yake na hatambui watu. Ni hofu?

Usikimbilie kusema ni hofu. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla baada ya mafuriko apimwe malaria, homa, maji mwilini, sukari na presha kwanza. Mafuriko hubeba dawa. Mtu wa presha au kisukari akikosa tembe zake kwa juma moja atakuwa na dalili zinazofanana na za aliyeshtuka, na kukosa dawa ndiko kutakakomuua, si kumbukumbu. Ni hivyo hivyo kwa mwenye kifafa na kwa aliyekuwa akitumia dawa za maradhi ya akili kabla ya maji. Hao wawe wa kwanza kuulizwa: dawa zako ziko wapi?

Watu wanasema ni majini, au kwamba Mungu ametuadhibu.

Dua, kisomo, sala za kanisani na kukusanyika pamoja huwatuliza watu kweli, na asiyeona hivyo hajawahi kukaa na watu waliofikwa. Endeleeni. Hofu yangu ni kwa mhubiri au mwalimu anayemwambia mama aliyepoteza mtoto kwamba ni dhambi zake. Maneno hayo huingia mahali pabaya na hukaa miaka. Mganga naye, ikiwa anaombea au anatoa masharti ya kujitakasa, familia itaamua. Akisema mgonjwa aache dawa za hospitali, afungwe kamba, apigwe au anyimwe chakula, mwondoeni mgonjwa hapo siku hiyo hiyo.

Hatukupata mwili. Tutaombolezaje?

Hili ndilo zito kuliko yote, na sitalifupisha kwa hila. Mto wenye mamba na mdomo unaoingia baharini haurudishi kila uliyemchukua. Bila kaburi, nyumba hugawanyika: mmoja anataka matanga, mwingine anaona kuweka matanga ni kumuua kwa mikono yake. Wote wawili wanampenda marehemu. Msilazimishane tarehe. Kwa Waislamu wa mwambao, ambao wengi ni wa madhehebu ya Shafi, ipo swala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwepo. Ulizeni kadhi au imamu kuhusu wakati wake, na kuhusu eda ya mjane. Kwa Wakristo na kwa wanaofuata mila za Kimijikenda, wazee wanajua namna ya kumzika asiyeonekana. Sherehe ikifanyika, watu hupata ruhusa ya kulia pamoja, na hilo hupunguza mengi. Ripoti polisi pia, na muweke nakala. Bila karatasi hiyo, cheti cha kifo na mirathi vitawasumbua kwa miaka, na usumbufu huo ni jeraha juu ya jeraha.

Kila jioni napokea ujumbe wa sauti kwamba maji mengine yanakuja. Silali.

Toka katika kundi hilo, au linyamazishe. Tahadhari ya kweli ina aliyeitoa, tarehe na eneo: Idara ya Hali ya Hewa, serikali ya kaunti, chifu, Msalaba Mwekundu. Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwambao wetu mwanzoni mwa Mei 2024, tahadhari ya upepo na mawimbi ilitolewa rasmi kabla. Watu wazima wa Malindi wanaikumbuka pia Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Sumatra yalipofika hadi ufuo wetu. Tangu hapo umejengwa mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi. Sikiliza redio mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kisha izime. Video ya nyumba ikibebwa ukiitazama mara ishirini, mwili wako unafurika mara ishirini.

Tumewapokea jamaa kumi na moja. Na sisi tumechoka, je, ni vibaya kusema?

Si vibaya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe hilo linamsaidia mgeni kuliko mwenyeji. Aliyepokonywa kila kitu huumia zaidi akifanywa wa kukaa na kuhudumiwa. Mpe sufuria yake, mpe zamu ya maji, mwache mzee aamue jambo la nyumba. Nanyi mpate saa yenu ya kutoka. Wahudumu wa kambini vilevile: anayesikiliza vilio kuanzia alfajiri hadi usiku bila siku ya kupumzika atakuja kuwafokea wale wale aliokwenda kuwasaidia.

Ni lini hali ni ya kwenda hospitali bila kungoja?

Akisema anataka kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga. Asipokula wala kunywa. Akisikia au kuona visivyokuwepo. Mama akishindwa kabisa kumshughulikia mtoto mchanga. Mtu akinywa kila siku ili asifikiri.

Kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna aliyeliona. Usimwache peke yake. Ondoa kamba, na hasa dawa za kuulia wadudu wa shamba, zifungiwe kwa jirani. Wengine huficha kwa kuogopa kushtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mpelekeni hospitali bila kuchelewa.

Nianzie wapi, na nipige simu wapi?

Anzia kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, au zahanati iliyo karibu. Wakiona haja watakuandikia rufaa ya kwenda hospitali ya Malindi. Ukifika, omba kumwona muuguzi au afisa wa afya ya akili, usikae tu kwenye foleni ya homa. Nenda na mtu, na muandike kwenye karatasi tangu lini hulali na dawa ulizokuwa ukitumia kabla ya maji, maana ukifika mbele ya daktari kichwa kitakuwa tupu.

Simu za bila malipo: 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na 116 ni ya watoto, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Dharura ni 999 au 112. Huna haja ya kujua ugonjwa wako unaitwaje. Sema uko wapi, uko na nani, na ni kitu gani kimekufanya upige leo.